Kompyuta ya mamilioni: Inunuliwe, au iliyopo iongezwe nguvu?

Mfanyabiashara mmoja wa jijini Dar es Salaam, mwenye studio ya kutengeneza video za harusi na matangazo madogo madogo, alinifuata akiwa na karatasi ya bei mkononi. Kompyuta ya mezani aliyokuwa akiitaka ilikuwa ya shilingi milioni 15. Fedha hizo alikuwa nazo, ingawa zilikuwa karibu akiba yote ya biashara yake. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, ninunue au nisinunue?"

Swali hilo huulizwa na wengi: wachora ramani za majengo, wenye viwanda vidogo vya uchapaji, wahasibu, hata wale wanaopenda kufuatilia bei za hisa kwenye skrini nne kwa wakati mmoja. Kosa lao hufanana. Mnunuzi hutazama nguvu ya mashine, muuzaji huisifia, na hakuna anayeuliza ni kazi gani iliyokwama kwa sababu mashine ya zamani imeshindwa. Kwa maoni yangu, kompyuta ya bei kubwa hainunuliwi kwa sababu ina nguvu. Hununuliwa kwa sababu ipo kazi yenye malipo ambayo inaisubiri.

Tuchukue mfano ambao bei zake zinajulikana duniani kote. Desemba 2019 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya Mac Pro kwa bei ya kuanzia dola 5,999, yaani zaidi ya shilingi milioni 13 kwa kiwango cha wakati huo, bila skrini. Aliyetaka magurudumu ya kuisukumia aliongeza dola 400, na aliyejaza kila kilichowezekana kujazwa alifikisha zaidi ya dola 50,000. Ilikuwa mashine ya kazi hasa, yenye nafasi za kuongeza memori na kadi za picha, na wengi waliinunua wakiamini kuwa itawafaa kwa miaka kumi.

Miezi sita tu baadaye, Juni 2020, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba itaachana na prosesa za Intel, zilizokuwa ndani ya mashine hiyo, na kutumia za kwake yenyewe. Machi 2022 ikatoa kompyuta ndogo ya mezani, Mac Studio, ambayo aina yake ya dola 3,999 ilidaiwa na Apple kuwa na prosesa yenye kasi inayozidi ile ya Mac Pro yenye viini 28 kwa hadi asilimia 60. Juni 2025 ikatangazwa kwamba toleo la mfumo wa uendeshaji la mwaka huo litakuwa la mwisho kukubali kompyuta zenye prosesa za Intel.

Je, kila aliyenunua mwaka 2019 alipata hasara? Hapana. Studio iliyokuwa na mikataba mkononi, ikaifanyisha mashine kazi usiku na mchana, huenda ilirudisha fedha zake kabla hiyo ndogo haijatoka. Aliyeumia ni yule aliyenunua nguvu ya akiba, kwa kazi aliyotumaini kwamba itakuja. Nguvu ya kompyuta haiwekwi ghalani kama mahindi yakingojea bei. Thamani yake hushuka ikiwa inafanya kazi, na hushuka vile vile ikiwa imefunikwa kitambaa.

Mfano huo una funzo la pili. Mwaka 2023 Apple ilitoa Mac Pro mpya kwa dola 6,999, na papo hapo ikauza Mac Studio yenye prosesa ile ile kwa dola 3,999. Tofauti ya dola 3,000 ilikuwa hasa ni ya nafasi za kuchomeka kadi za ndani. Lakini memori ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na prosesa, na haiongezeki baada ya kununua, wala kadi za picha za kuongezea hazikukubaliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usilipe zaidi kwa sababu umeambiwa mashine "inaongezeka". Uliza ni kitu gani hasa kinachoweza kuongezwa, na kama wewe utakihitaji.

Sasa turudi kwa yule bwana wa studio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikamwomba tufungue daftari lake.

Alisema kompyuta yake huchukua saa 5 kuchakata video moja ya harusi, na kwamba hiyo mpya ingechukua saa 2. Kwa harusi 8 kwa mwezi angeokoa saa 24. Hesabu hiyo inavutia sana. Nikamuuliza huanza kuchakata saa ngapi. Akajibu kuwa huiacha ikifanya kazi kuanzia saa 3 usiku, naye huenda kulala. Basi saa hizo 24 alizotaka kuzinunua kwa milioni 15 alikuwa hazitumii kwa lolote. Video ikamilike saa 5 usiku au saa 8 usiku, mteja huifuata asubuhi.

Hasara yake ilikuwa mahali pengine. Mchana, wakati wa kukata na kupanga picha, mashine ilikuwa ikigandaganda, na kwa sababu hiyo alikuwa akikataa kazi mbili kila mwezi. Kila kazi humwachia shilingi 250,000 baada ya kulipa mpiga picha na usafiri. Hiyo ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mashine ya milioni 15, angehitaji miezi 30 kurudisha mtaji peke yake, na hiyo ni kama kila mwezi una harusi. Kila mtu wa biashara hiyo anajua jinsi Kwaresima na Ramadhani zinavyopita kimya. Angekuwa amekopa, rejesho la benki lisingepita kimya pamoja nazo.

Tukaitazama mashine yenyewe wakati wa kazi. Dirisha linaloonyesha matumizi ya kompyuta lilionyesha memori imejaa pomoni na diski inafanya kazi kwa asilimia 100, huku prosesa haijafika nusu. Kwa maneno mengine, alitaka kubadilisha gari zima kwa sababu ya matairi. Memori ya kutosha na diski ya SSD, pamoja na ufundi, vilifika shilingi milioni 1.2. Hata kama vingemrudishia kazi moja tu kati ya mbili alizokuwa akikataa, fedha hiyo ingerudi ndani ya miezi 5.

Kuongezea nguvu si jambo la kudharau. Baadhi ya walionunua mazabodi za AMD za mwaka 2017 waliweza mwaka 2022 kuchomeka prosesa mpya zilizo bora zaidi, bila kugusa kitu kingine isipokuwa programu ya ndani ya bodi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini nako kuna mipaka. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa zilizotoka kabla ya mwaka 2018. Kutia fedha nyingi katika mashine ya namna hiyo, wakati kazi yako inategemea Windows, ni kupaka rangi nyumba iliyowekewa alama ya kubomolewa. Mimi huweka kiwango: gharama ya kuongezea ikizidi theluthi moja ya bei ya mashine mpya inayotosha kazi hiyo, bora kusubiri na kununua mpya.

Wapo watakaosema kusubiri nako ni hasara, kwa kuwa bei hupanda. Hoja hiyo ina ukweli. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba. Lakini hofu ya bei kupanda ni sababu ya kununua mapema kile unachokihitaji. Haiwezi kuwa sababu ya kununua usichokihitaji.

Wengine husema kodi itafidia. Ni kweli kwamba Tanzania Bara, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huiweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa mashine ya milioni 15, makato ya mwaka wa kwanza ni shilingi 5,625,000. Kampuni inayolipa kodi ya asilimia 30 itaokoa shilingi 1,687,500, na ni pale tu ambapo imepata faida. Mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo hanufaiki na makato hayo hata kidogo.

Usisahau pia umeme. Mac Pro ile ya 2019 ilikuwa na pawasaplai ya wati 1,400. UPS ndogo za madukani zimetengenezwa kwa kompyuta za kawaida, na haziwezi kubeba mzigo huo ukifika nusu. Anayenunua mashine nzito bila kuhesabu UPS yake hajamaliza kununua.

Ushauri wangu ni huu. Kwa miezi mitatu, andika kila kazi uliyoikataa au kuichelewesha kwa sababu ya kompyuta, na kiasi ambacho ingekuachia. Angalia ni sehemu gani ya mashine inayokwamisha. Ongeza hiyo kwanza, kama mashine bado ina umri. Nunua mpya pale ambapo kazi zilizoandikwa katika daftari zinaweza kuilipa ndani ya miezi 18, kwa fedha ambayo ikifungwa humo haitakukosesha mshahara wala kodi ya pango.

Yule bwana alichukua memori na diski. Sehemu ya fedha iliyobaki alinunulia kamera ya pili, kwa kuwa daftari lilionyesha pia kwamba mara nne katika mwaka aliombwa harusi mbili za siku moja, akaweza moja. Siku kazi zitakapoizidi mashine yake tena, karatasi ile ya bei ataitafuta mwenyewe, naye atakuwa na hesabu za kuweka pembeni yake.