Samaki wa Kasumbalesa

Wengi wa samaki Thomson tunaowala Lubumbashi hutoka bahari ya Namibia, wakipitia Zambia hadi Kasumbalesa. Wanapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini lori likikaa foleni siku nyingi, mashine ya baridi ikazimwa ili kubana mazutu, samaki wanayeyuka. Hapo ndipo histamini inazaliwa, sumu isiyokufa hata kwenye mafuta ya moto. Mtu akila, anawashwa, kichwa kinamuuma, na jirani anasema amelogwa! Muhuri kwenye karatasi hauoni hayo. Tunaomba wakaguzi wa OCC wapime baridi ndani ya samaki mwenyewe, na malori ya samaki yatangulie yale ya saruji.