Nyumba ya Kale na Mnunuzi Wake

Wako wasemao kuwa tajiri anunuaye nyumba ya kale mjini Lamu ameiokoa. Hoja hii ni nusu ya kweli. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Maji ya mvua yakipenya, boriti huoza na dari huanguka. Matengenezo yataka fedha, na wenyeji wengi hawanazo.

Lakini fedha peke yake haihifadhi kitu. Mnunuzi apakaye saruji juu ya chokaa huufungia unyevu ndani ya ukuta, na ukuta ukabomoka taratibu. Mnunuzi afungaye mlango akingoja bei ipande huliacha daka tupu, mahali walipobarizi majirani. Na bei ipandapo, vijana wa mji hukosa pa kukaa.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Sifa yake mojawapo ni kwamba umekaliwa pasipo kukoma kwa zaidi ya miaka 700. Basi sifa hiyo ni ya watu kabla ya kuwa ya mawe.

Nyumba njema si mlango. Anunuaye na anunue. Lakini atengeneze kwa chokaa, kisha akae humo au ampangishe mwenyeji kwa kodi aiwezayo. Asiyetaka hayo, fedha zake azipeleke kwingine.