Maji Yaliyovurugwa kwa Miguu



Katika sura ya 34 ya kitabu chake, nabii Ezekieli anawakemea kondoo walionona. Kosa lao si kunywa. Kosa lao ni kwamba, wakiisha kunywa maji matulivu, huyavuruga kwa miguu yale yaliyobaki, na kondoo dhaifu wanaofika nyuma hunywa tope. Tunaanza na karipio hilo kwa sababu sisi wa Isikizya, pamoja na nchi yote ya Unyamwezi, tumeingia katika kundi linalokunywa kisima kimoja kikubwa, nasi tumo miongoni mwa wanaofika nyuma.

Mwezi Julai 1858 Mwingereza Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akafuata njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wamelijua na kulipa majina tangu kale. Akaliita kwa jina la malkia wake. Leo ziwa lenyewe limerudi kwa njia ile ile. Maji huchotwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa, hupita Shinyanga, na bomba lililojengwa kwa mkopo wa India huyaleta Nzega, Igunga, Tabora na huku kwetu Uyui. Mama aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kwenda kuchimba mchanga mtoni ana haki ya kushangilia. Nasi tulishangilia pamoja naye.

Lakini shangwe hiyo imeleta usingizi. Tunasikia viongozi, na hata waumini wetu, wakisema kwamba neno la maji limekwisha. Sisi tunasema halijakwisha. Limehamia mahali pengine tu. Zamani tuliuliza: maji yatafika lini? Sasa imetupasa kuuliza: ni maji gani yatakayofika, na kwa gharama ya nani?

Wapo wanaosema ziwa ni kubwa mno, haliwezi kuchafuka. Na tulitazame basi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake huingia kwa mvua na hutoka kwa mvuke. Mto utokao ni mmoja, Nile, pale Jinja. Maji hupanda mawinguni, bali uchafu haupandi. Unabaki.

Na uchafu wenyewe si sumu kama watu wanavyodhani. Ni shibe iliyozidi. Fosforasi na naitrojeni, vitu vile vile tunavyovinunua kwa bei kali katika mfuko wa mbolea, hufika ziwani pamoja na udongo uliomomonyoka, maji ya vyoo na taka za viwanda. Hapo mwani hustawi kupita kiasi. Ukifa huzama, na katika kuoza hula oksijeni ya vilindini, hata samaki wasipate pa kuishi. Tena vilindi vikikosa oksijeni, tope la chini hurudisha majini fosforasi iliyokuwa imezikwa. Ni kama deni la marehemu linalowadai wajukuu.

Haya si mambo ya kubuni. Magugu maji yalionekana upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 yalikuwa yamefunga bandari na mialo katika nchi zote tatu. Serikali zikaleta wadudu wa kuyala, na kazi yao ilisaidia sana. Lakini tuseme wazi: gugu halikuwa ugonjwa, lilikuwa homa. Anayeng'oa gugu na kuuacha mfereji wa maji machafu ukimwagika ziwani amemfuta mgonjwa jasho, akadhani amemtibu.

Wapo wanaosema: hilo ni shauri la watu wa Mwanza, Kisumu na Kampala, sisi wa Tabora linatuhusu nini? Linatuhusu mara mbili.

Kwanza, sisi ni wanywaji. Baadhi ya mwani huo, ule wa rangi ya kijani-buluu, huweza kutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji kama tulivyozoea kuwafundisha akina mama. Mwezi Agosti 2014, mji wa Toledo huko Marekani, unaokunywa maji ya ziwa Erie, uliwaambia watu wapatao laki 4 wasiyanywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Ule ni mji tajiri, wenye maabara na magari ya kuleta maji ya chupa. Kijiji kilichoko mwisho wa bomba kitaletewa chupa na nani? Hata pasipo janga, kadiri ziwa linavyozidi kuchafuka, ndivyo dawa na mitambo ya kusafishia inavyozidi kugharimu, na gharama hiyo hurudi katika ankara ya mnywaji. Anayechafua hapelekewi ankara.

Pili, sisi nasi tuna miguu. Mvua inayonyesha Uyui haiendi katika ziwa lile. Inaelekea Malagarasi na Tanganyika. Hivyo wengi wetu hujiona hatuna hatia. Lakini uchunguzi umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hushuka kutoka angani, katika vumbi na majivu. Basi tukichoma mapori kila kiangazi na kukata miombo ili kukausha tumbaku, tusiseme moshi wetu hauna safari. Upepo hauna mpaka wa wilaya.

Wapo, mwisho, wanaosema wachafuzi ni maskini: mvuvi, mwenye bustani ya mchicha, mkazi wa vilima vya mawe asiye na choo kizuri. Hapa ndipo tunapokataa kwa nguvu zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazodhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Ni sheria njema. Lakini sheria inayong'oa mahindi ya mjane na kuinama mbele ya ukuta wa tajiri imekuwa fimbo, si haki. Aliyeishi miaka mingi bila kujengewa mfereji wa maji machafu hawezi kuitwa mkosaji na yule yule aliyepaswa kuujenga.

Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana juu ya maji ya Nile bila kutuuliza. Mwalimu Nyerere alikataa kurithi mapatano hayo, na mwezi Oktoba 2024 mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulianza kutumika. Tumeidai haki ya kuchota, na tulikuwa na haki ya kuidai. Lakini maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Anayedai haki ya kuchota ameahidi pia kulinda.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. La kwanza, matokeo ya kupima maji, pamoja na sumu ya mwani, yabandikwe kila mwezi katika ofisi za kata kwa Kiswahili kinachosomeka. La pili, fedha za kujenga mifereji ya maji machafu katika miji ya ziwa zihesabiwe kuwa fedha za maji ya kunywa, kwa maana ndizo. La tatu, mita 60 ziwe 60 kwa mjane na kwa tajiri. La nne, bwawa la Igombe na malambo ya vijiji yasitupwe kwa sababu bomba limefika. Mwenye kisima kimoja tu ni mtumwa wa kisima hicho.

Na kwetu wenyewe tunajidai jambo moja: kiangazi kijacho, kila jumuiya ndogo ndogo iamue hadharani ni pori lipi haitalichoma na ni miti mingapi itaipanda badala ya ile iliyoingia tanurini.

Wala tusikate tamaa. Ziwa Washington, huko Seattle, lilikuwa limeoza kwa maji ya vyoo; wananchi wakapiga kura kulipia mifereji, maji machafu yakageuziwa njia kati ya 1963 na 1968, na katika miaka michache ziwa likaanza kung'aa. Ni kweli kwamba lile ni dogo na la kwetu ni kubwa. Lakini hata lile dogo halikutakaswa kwa maombi matupu.

Tuombe, basi, na tuinue miguu yetu majini.