Tuulize jina linapima nini

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kumwona mwanaisimu akiingilia mambo ya mafundi wa magari. Naomba radhi, lakini palipo na maneno, mwanaisimu hana budi kutia guu.

Mpwa wangu anayeishi Marekani hushiriki mashindano ya magari ya robo maili, yaani takriban mita 402 za njia iliyonyooka. Aliongeza nguvu za injini, na siku ya kwanza tu shafti ya nyuma ikakatika. Akanunua shafti nene zaidi. Mara hii yakavunjika meno ya gia. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "niliambiwa nibadilishe ekseli, nami nikabadilisha."

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Neno ekseli hutaja vitu viwili: shafti inayozungusha gurudumu, na pia mtambo mzima wa nyuma pamoja na gia na kasha lake. Yeye aliimarisha kiungo kimoja, udhaifu ukahamia kwa jirani.

Chukua ekseli ya Ford iitwayo ya inchi 9, iliyoanza kutumika mwaka wa 1957 na ambayo hupendwa mno na wanamashindano. Asiyejua atadhani inchi 9 ni unene wa shafti. La hasha! Ni kipenyo cha gia kubwa iliyo ndani. Kadhalika, shafti hutambuliwa kwa idadi ya meno yaliyo nchani: 28, 31 au 35. Meno yenyewe siyo nguvu. Kwa kuwa hulingana kwa ukubwa, wingi wake huashiria shafti nene. Na uwezo wa kustahimili msokoto hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Hivyo basi, chuma kikiwa kile kile, shafti ya meno 35 hustahimili karibu mara mbili ya ile ya meno 28.

Isitoshe, mzigo hautoki kwenye injini pekee. Msokoto wa nyutoni-mita 600, ukizidishwa na gia ya kwanza ya 3 kwa 1, kisha na ya nyuma ya 4 kwa 1, hufika 7,200. Tairi likiteleza, ekseli hupata nafuu. Likiing'ang'ania njia, chuma hubeba yote.

Wala hili si suala la fedha tu. Katika baadhi ya magari, shafti hushikiliwa na kipete kidogo upande wa ndani. Ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa mbioni. Nilimsihi mpwa wangu achague mtambo mzima kwa kupima uzito wa gari, tairi na msokoto, wala si kwa sifa za jina.

Enyi walimu wenzangu, tumewazoesha wanafunzi kukariri majina na kuyatunuku alama. Mwanafunzi asiyeuliza jina linapima nini atafaulu mtihani, lakini siku ya mzigo atakatikia njiani.