Wacheni Kununua Mashine, Nunueni Boti

Nianze na kitu kitakachowaudhi mabinamu wengi wa Mombasa: ile boti ndefu nyembamba, iliyochorwa moto ubavuni na kufungwa mashine ya 40 nyuma, si boti ya familia. Ni nganya ya majini. Inanguruma vizuri, inatoka poa kwenye video, na ikipita kila mtu ufuoni anageuka. Lakini ukiniambia humo ndani utamketisha nyanyako, shangazi mjamzito na watoto watatu, eti mnaenda kula samaki ng'ambo ya maji pale Mtwapa, hapo tutakosana.

Najua kuna msee tayari anasema, "Hii inanihusu aje na mimi sina hata doo ya bodaboda?" Inakuhusu kabisa. Boti hizi hazinunuliwi na mtu mmoja. Ni mchango. Mjomba aliye Doha anatuma kiasi, ami anaongeza, mamako anatoa pesa za chama, halafu wanaangalia ni nani mwenye simu nzuri na bando. Ni wewe. "Hebu tutafutie boti huko mtandaoni." Picha tatu utakazotupa kwenye grupu la familia ndizo watakazopigania. Boti ambayo hukuituma haipo. Kwa hivyo usijifanye mtoto hapa, wewe ndiye unayechagua.

Na unachagua vibaya, kwa sababu sote tumefundishwa kuangalia kitu kimoja tu. Muulize mtu yeyote ufuoni, "Ni boti gani hiyo?" Atakujibu, "Ni ya 40." Sikiza hilo jibu tena. Umeuliza kuhusu chombo, umejibiwa kuhusu injini. Hakuna anayetaja upana. Hakuna anayetaja ubavu unasimama kiasi gani juu ya maji watu wakishaingia. Ni nguvu za farasi tu, kama vile tunanunua farasi.

Sasa tupige hesabu kidogo, haiumi. Walinzi wa pwani wa Marekani wana kanuni nyepesi ya kukadiria idadi ya watu kwa boti fupi yenye mashine: chukua urefu kwa futi, zidisha kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. Boti ya futi 18 yenye upana wa futi nne na nusu inakupa 81. Gawanya, unapata watu watano. Boti ya futi 16 yenye upana wa futi 6 inakupa 96. Gawanya, ni watu sita. Umeona? Ile fupi, ile nono, ile ambayo binamu yako ataicheka na kuiita karai, ndiyo inayobeba watu wengi zaidi. Na hiyo ni hesabu ya siku maji yametulia. Halafu mtoto ni mtu. Usiniambie "ni watu watano na vitoto vinne". Ni watu tisa, na katika hizo boti zote mbili watu tisa hawaingii.

Mbona upana uwe na maana hivyo? Kwa sababu familia haikai kama abiria wa basi. Mtoto anaona pomboo, anapiga kelele, wote wanahamia upande mmoja na simu mkononi. Boti pana inainama kidogo, inarudi. Nyembamba inaendelea kuinama. Fundi anayekutengenezea boti anajua hilo, mvuvi anajua, ila wavuvi wanaketi kwa mpango na kila mmoja ana kazi yake. Shangazi yako hana kazi yoyote mle ndani isipokuwa kufurahia, na hiyo ni haki yake.

Wenye mashine kubwa watakuja na hoja ya kasi. Haya, kasi. Tuseme mnaenda kilomita tano ndani ya maji yaliyokingwa. Kwa mwendo wa pole wa kilomita 12 kwa saa mtachukua dakika 25. Kwa kilomita 40 kwa saa, dakika saba na nusu. Umeokoa kama dakika 17. Za kufanya nini? Mmetoka nyumbani saa tatu asubuhi ili mkae majini, sasa mnalipia petroli ya ziada ili msikae majini. Na kwa mwendo huo watoto wanalia, maji ya chumvi yanawaingia machoni, na nyanya anashika ubao kama anaenda kuhukumiwa. Zaidi ya hapo, mashine kubwa ni nzito, na uzito wote huo unaning'inia nyuma. Ukiifunga kwenye boti ndogo, nyuma inazama, mbele inainuka, na siku utakapopunguza kasi ghafla, wimbi lako mwenyewe litakufuata na kuingilia nyuma.

Kuna hoja moja yao ninayoikubali. Maji yetu yana nguvu. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita nne, na maji hayo yote yanaingia na kutoka kupitia milango myembamba. Ukibandika kimashine cha 4 kwa boti ya watu sita, utasukuma mbele huku unarudi nyuma. Ndio, unahitaji nguvu. Lakini kati ya 4 na 40 kuna namba nyingi jamani! Kwa boti pana ya futi 16 na matembezi ya ndani, ya 15 inafanya kazi, ya 25 inatosha na kubaki. Na ukiweza kusoma ratiba ya maji, ambayo ni bure, utatoka maji yakikusaidia na utarudi yakikusaidia.

Ati mashine kubwa itakutoa kwenye dhoruba? Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari nje ya miamba si mahali pa kupeleka watoto kwa boti ya futi 16, hata ukifunga mashine mbili za ndege. Wimbi halikimbiwi kwa boti ndogo. Ukilipiga kwa kasi ndio linakurusha. Subiri kaskazi, ama bakia ndani ya mikoko, na mtafurahi vilevile.

Sasa nifike kwa kitu ambacho hasa kimenifanya niandike. Familia yetu iko kwenye mchakato huu sasa hivi. Tulikaa, bajeti ikasomwa. Mashine, tiki. Rangi, tiki. Spika ya muziki, wallahi, tiki. Nikauliza laifjaketi za watoto ziko wapi. Kimya. Halafu mmoja wa wazee wangu akasema, kwa upole kabisa, "Hao wadogo watashikwa na mama zao." Wote wakaitikia kwa kichwa.

Watashikwa na mama zao. Hebu fikiria hiyo sentensi. Mama huyo ana nguo ndefu, labda buibui, hajui kuogelea, na ameanguka majini ghafla. Mikono yake yote miwili anaihitaji ili yeye mwenyewe abaki juu. Mnamwambia achague. Mnamwekea mzigo huo kabla hata boti haijanunuliwa, ili pesa zipatikane za spika.

Na tusidanganyane kuhusu "lakini hatuendi mbali". Feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa, na ilikuwa karibu sana na nchi kavu. Ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Wazee wetu wanaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi ambaye sikuwa nimezaliwa, lakini ukiwatajia laifjaketi wanakuambia mababu walisafiri kwa jahazi bila hayo makitu. Shikamoo zao, nawaheshimu. Mababu waliokuwa wakisafiri walikua majini tangu utotoni, na nahodha wao aliisoma mbingu kabla ya kutweka tanga. Sisi nusu ya familia inatoka Nairobi kwa SGR Ijumaa jioni na haijui hata maji yanapwa saa ngapi.

Laifjaketi ya mtoto si ile ya mtu mzima iliyokazwa sana. Mtoto akiivaa hiyo na aanguke, jaketi inapanda, yeye anatelezea chini. Yake inanunuliwa kwa kilo zake, ina kola ya kuinua kichwa, na ina mkanda unaopita katikati ya miguu. Kuna jaribio la sekunde tano: mvalishe, kaza mikanda yote, halafu vuta jaketi juu kutoka mabegani. Ikipanda hadi masikioni, si yake. Rudisha.

Kwa hivyo mimi nasema bajeti igeuzwe. Anza na mtoto mdogo kuliko wote mtakayempakia, jaketi yake kwanza. Halafu jaketi za wengine wote. Halafu boti pana yenye ubavu wa kusimama, ambayo chini haina kina kirefu, kwa sababu maji yakipwa mtapita juu ya mchanga. Zile zenye chini ya umbo la V kali ni nzuri kwa mawimbi ya nje, lakini zinataka mashine kubwa na zikisimama zinayumba. Halafu nanga na kamba yake ndefu, makasia mawili, ndoo ya kuchotea maji. Pesa zikibaki baada ya hapo ndizo za mashine. Zikitosha ya 15, ni ya 15. Kuna anayeumwa?

Kwenye mashine yenyewe sina makuu. Ile ya kuchanganya oili na petroli ni nyepesi, na ni rahisi kumpata fundi anayeijua. Ile ya kisasa isiyochanganywa haina kelele nyingi wala moshi, inakunywa kidogo, lakini ni nzito zaidi. Uliza fundi aliye karibu na mahali mtakapoiegesha anaifungua gani, ununue hiyo. Pima pia ubao wa nyuma inapofungwa. Kuna mashine za mguu mfupi, kwa ubao wa kama inchi 15, na za mguu mrefu, kwa inchi 20. Ukikosea, propela itakuwa inapiga hewa ama inalima matope.

Kisha kuna ile kamba nyekundu ya kuzima mashine, inayofungwa mkononi mwa anayeendesha. Akianguka, inachomoka na mashine inazima. Isipozima, boti inaweza kuanza kuzunguka yenyewe na kurudi pale alipoangukia, propela ikiwa inakata. Marekani, tangu Aprili 2021, sheria inawalazimu waendeshaji wa boti za chini ya futi 26 kujifunga nayo mashine inapokuwa na kasi. Hapa kwetu utaikuta imefungwa pale pale kwenye mashine kwa waya, milele, "ili isisumbue". Ukiona hivyo kwenye boti inayouzwa, uliza ni nini kingine hapo kimefungwa kwa waya.

Basi kabla hujatuma picha kwenye grupu, mwandikie muuzaji. Upana ni futi ngapi? Imesajiliwa na KMA ama bado? Nikija na watu sita, utakubali tuketi ndani yote tuone maji yanafika wapi? Muulize pia tangi linabeba lita ngapi, kwa sababu mtatumia theluthi kwenda, theluthi kurudi, na theluthi inabaki bila kuguswa. Na mwambie asiwashe mashine kabla hujafika. Unataka uiguse kwanza ikiwa baridi, halafu aiwashe mbele yako. Ukifika uikute ina joto na anakuambia alikuwa "anaifanyia mazoezi tu", panda matatu urudi.