Kupolishi taa za magari: mteja analipia miezi, siyo mng'ao

Kila wiki naona mtu mpya ameanza biashara ya kupolishi taa za magari, na wala simshangai. Mtaji mdogo, huhitaji fremu, na video yake inajiuza yenyewe: taa moja ya njano kama chai ya maziwa, ya pili inang'aa. Watu wanalaiki, wanashea, DM zinajaa. Mimi mwenyewe naifanya wikiendi, nje ya kazi yangu ya kila siku. Lakini maoni yangu ni kwamba wengi kwenye biashara hii wanauza picha. Mteja yeye anadhani amenunua taa iliyopona.

Tuanze na taa yenyewe. Tunaita kioo, lakini kwenye magari mengi ya sasa ni plastiki ngumu, polikaboneti. Plastiki hii peke yake haiwezi jua, ndiyo maana kiwandani inapakwa tabaka jembamba la kinga. Miale ya jua ikilila lile tabaka miaka na miaka, taa inaingia ukungu, halafu njano. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yameshatumika Japani, yakifika hapa Dar yanashinda juani kutwa. Kwa hiyo kazi ipo, tena nyingi.

Sasa ukipiga msasa unaondoa uchafu pamoja na mabaki ya ile kinga. Taa inabaki safi, lakini uchi. Hapo ndipo wengine wanapiga picha, wanapokea hela, wanaaga. Jua nalo linaanza kazi siku hiyo hiyo.

Dawa ya meno ndiyo mbaya zaidi kwa kudanganya, kwa sababu kweli inang'arisha. Ina chembe laini za kusugua, basi. Kinga haina hata kidogo. Na wale wa dawa ya mbu yenye DEET, jamani, acheni. Ile inayeyusha uso wa plastiki. Inang'aa leo, kesho umeharibu taa ya watu.

Nimewahi kuambiwa na mwenzangu, "Kaka, taa ikirudi njano si ndiyo mteja anarudi?" Nilimkatalia. Anarudi, ndiyo, ila kwenye komenti. Sisi wa mtandaoni hatuna duka ambalo mtu atapita aone tupo. Tuna namba ya simu na picha. Mteja mmoja akiandika "hawa ni wale wale" chini ya posti yako, umekwisha, na umetuharibia na sisi wengine.

Kazi kamili ni hii. Funika rangi ya gari kwa tepu ya karatasi, msasa wa maji kuanzia 800 au 1000, kisha 1500, 2000, mpaka 3000. Usiruke namba, mikwaruzo ya msasa mkali haifichwi na polishi. Osha, kausha kabisa, futa mafuta, halafu puliza kliya yenye kinga ya miale ya jua. Kliya ndiyo bidhaa yako. Vaa maski ya kuzuia kemikali, siyo ile ya kitambaa, na fanyia mahali penye hewa lakini pasipo na vumbi la barabarani. Asubuhi ni bora, upepo bado haujaamka.

Hela nyingi inapotea hapo kwenye kliya. Ile nzuri ya kuchanganya na hadina, ukishaifungua haikai, inaganda. Ukiifungua kwa gari moja, faida imebaki kwenye kopo. Tuseme kopo ni 30,000 na linatosha magari matatu. Gari moja peke yake linakula 30,000 yote. Matatu yakija Jumamosi moja, kila moja linabeba 10,000. Ndiyo maana mimi siendi kwa mteja siku anayotaka yeye. Nakusanya oda za mtaa mmoja, nawapa Jumamosi yao. Wengine wanakasirika, wengi wanasubiri.

Kabla hujapokea advansi, mwambie mteja amwage maji juu ya taa akutumie video. Ikiwa maji yanaifanya ionekane safi, tatizo liko juu, unaliweza. Ikibaki na ukungu vile vile, huenda uchafu au unyevu uko ndani, na msasa hautaufikia. Hiyo kataa. (Maji hayo hayo ndiyo ujanja wa baadhi ya video tunazoziona: taa imepigwa picha ikiwa bado imelowa. Sisemi nani.)

Kuna wanaoona hii ni kazi ya urembo tu, kama kupaka matairi rangi. Siyo. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia na kukuta zinatoa asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipofufuliwa zilifika kama asilimia 70. Mtu anayerudi usiku kutoka Chalinze, bodaboda mbele haina taa ya nyuma, anauhitaji ule mwanga. Na ona pia kwamba siyo asilimia 100. Ukiandika "kama mpya" kwenye kapsheni, umeahidi usichoweza kutoa. Mimi naposti video ya usiku: gari umbali ule ule kutoka ukutani, kabla na baada, simu ile ile. Hainogi kama ya mchana, lakini inaleta wateja wenye maswali ya maana.

Halafu nina albamu moja ya magari niliyoyafanya zamani. Kila baada ya miezi mitatu naomba picha kwa mwenye gari, nyingine ninapita napiga mwenyewe. Mtu akija DM na "bosi, bei ya mwisho ngapi?" anapata kwanza picha ya gari la mwezi wa tatu, la mwezi wa sita, kisha bei. Akisema ni ghali, ninayo ya rahisi pia. Risiti yake naiandika wazi: kusafisha tu, bila kinga.