MBWA WA SOKONI HANA MFADHILI

Ndugu Wanachama,

Katika miji yetu ya Kitui, Mwingi, Wote, Emali na Kibwezi, mbwa wasio na mwenyewe ni shida inayojulikana na kila mtu aamkaye mapema. Atakayeng'atwa kwanza si bwana aendaye kazini kwa motokaa. Ni mtu wa gengi anayekagua reli alfajiri, ni askari wa usiku, ni mama wa sokoni, ni mtoto aendaye shule kwa miguu. Kwa hiyo jambo hili ni la wafanyakazi, na chama kina haki ya kulisema.

Wako watu wasemao hivi: "Kaunti haina fedha. Heri kazi ya mbwa, pamoja na nyumba ya kuwatunzia, ipewe chama cha hisani kwa mkataba, nasi tupumzike." Maneno haya ni matamu masikioni. Tuyapime.

Kwanza, kazi hii ni ya nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka mikononi mwa kaunti: kudhibiti wanyama na kuwatunza, kutoa leseni za mbwa, na kuweka mahali pa kuwahifadhi na kuwazika. Kaunti yaweza kumwajiri mtu aifanye kazi hiyo. Haiwezi kumtwika lawama yake.

Pili, wafadhili humpenda mnyama gani? Tazameni hapa hapa kwetu. Msitu wa Kibwezi unaangaliwa na Sheldrick Wildlife Trust kwa mkataba na idara ya misitu ya serikali, KFS, na tangu 2014 ndovu mayatima wanalelewa pale Umani. Kule Ithumba, kaskazini ya Tsavo Mashariki, wamelelewa tangu 2004. Kazi hiyo ni njema, hatuna neno baya juu yake. Lakini ndovu yatima ana picha nzuri, na watu wa Ulaya na Marekani humlipia maziwa. Nani wa London atamlipia chakula mbwa mwenye upele wa soko la Emali? Mkataba unaotegemea sadaka hufuata picha, haufuati haja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tatu, tajiri naye yamempata. Mji wa New York uliipa ASPCA, chama cha hisani, kazi ya mbwa wa mji tangu 1894. Baada ya miaka 100 hivi chama kikajitoa, kwa kuwa fedha za mji hazikutosha gharama, na kazi ya kuua wanyama ilikilemea. Mji ukalazimika kuunda chama kingine, kilichoanza 1995. Chama cha hisani kikichoka kina ruhusa ya kwenda zake. Mji hauna pa kwenda.

Nne, kichaa cha mbwa hakingoji mfadhili. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 2,000 kila mwaka katika Kenya, na dalili zikisha kuonekana, kupona ni kama hakuna. Mpango wa serikali wa 2014 umekusudia kuumaliza ifikapo 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza. Njia ni moja: kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka kwa mwaka. Mbwa waliochanjwa hufa, watoto wa mbwa huzaliwa, na mwaka mmoja ukirukwa kazi huharibika. Kazi ya kila mwaka yataka fedha ya kila mwaka.

Tano, sisi wa reli twaijua mikataba. Reli ilikodishwa 2006 kwa miaka 25. Maelfu ya wenzetu walipunguzwa kazi. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, hata nusu ya miaka yake haijafika. Mfanyakazi ndiye aliyelipa mwanzo na mwisho.

Hatusemi vyama vya hisani vifukuzwe. Vina ujuzi na vina moyo. Lakini pasiwe na mkataba ila kwa masharti haya:

1. Kaunti ilipe gharama yote kutoka bajeti yake, na hesabu zibandikwe mahali pa wazi.

2. Chanjo ya mbwa na daktari wa mifugo vibaki chini ya kaunti.

3. Wakamataji na watunzaji wa mbwa waajiriwe kwa barua, si kwa kibarua cha siku. Wachanjwe kabla ya kushika mbwa, wapewe glavu, na wawe huru kuingia chama cha wafanyakazi.

4. Nyumba na vyombo viwe mali ya umma, na mwenye mkataba asiondoke bila kutoa notisi ya mwaka mzima.

5. Sindano za aliyeng'atwa zipatikane katika hospitali za kaunti, ili maskini asizunguke akizitafuta.

Mikutano ya bajeti ya kaunti ni ya wananchi wote. Tuhudhurie, tuulize fungu la mbwa ni shilingi ngapi, wala tusikubali jibu la "wafadhili watakuja."

Na wewe ndugu, ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, uende hospitali siku ile ile. Kama ulikuwa kazini, mwambie msimamizi aandike. Sheria ya fidia ya 2007 inamhusu mfanyakazi aliyeumia kazini, hata kama aliyemuumiza ni mbwa.

Wenu katika chama,
Mtu wa Gengi